Thuwaiba, Mchota Maji wa Gereza

Nimeshasema mara tatu kwamba sitaki kuandika, na mara tatu wamerudi na daftari jipya. Wanawake wa chama chetu cha Sparkhill, hapa Birmingham, wanakusanya habari za wazee, eti zisipotee. Zipotee wapi? Miaka yote hii nimezibeba mimi na haijanidondoka hata moja. Skuli nilifika darasa la tatu nikatolewa nikalee wadogo zangu, na mwandiko wangu hadi leo unapanda mlima. Nikiwaambia hivyo wananijibu, "Bibi, wewe andika unavyosema." Haya, naandika ninavyosema, na asiyependa afunge kitabu.

Tena habari yenyewe si yangu. Ni ya Thuwaiba, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta huku Bordesley Green. Yeye hata jina lake hajui kuliandika, ndiyo maana mzigo umeniangukia mimi. Kanihadithia mwenyewe huku tunachambua mchicha, na kanambia nikitia chumvi atanisuta mbele za watu. Kwa hiyo chumvi humu hamna.

Ukimwona Thuwaiba mara ya kwanza utamdhania kiziwi. Nyumba zetu ziko karibu na hospitali kubwa, na magari ya wagonjwa hupita yakilia tangu asubuhi. Sisi wengine tukistuka tunasema "Ya Latifu", lakini yeye hageuzi hata shingo. Akiungua mkono jikoni huutazama kama mkono wa mtu mwingine. Alipoletewa habari kwamba dada yake kafariki Mombasa, alisema "Haya," akaendelea kukunja nguo, akazikunja zote, akaziweka kabatini, halafu ndipo akakaa. Kulia hakulia. Mimi nikamlilia badala yake.

Kazi yake ilikuwa kupiga deki Tyseley, kwenye karakana ya kukata vyuma ya Gurnam, Kalasinga aliyezaliwa Nairobi. Yule mzee akipenda kuzungumza naye Kiswahili chake cha huko.

"Mama, kwa nini naosha karakana yote na ndoo moja tu? Fungua bomba!"

"Maji yatakwisha, bwana."

"Hapana kwisha! Hii Birmingham, mama. Kila siku mvua nanyesha."

"Hata kwetu ilikuwa ikinyesha," Thuwaiba akamjibu, akakamua tambara lake. Gurnam akacheka, na siku ya pili akamuuliza tena yale yale.

Na ni kweli. Nyumbani kwake kila chombo kina maji: sufuria, ndoo, hata beseni ya kuogea imejaa hadi ukingoni, na yeye anaoga kwa kopo pembeni. Nilipomuuliza, akasema, "Mazoea." Nikaishia hapo. Mtu wa kwetu akikwambia mazoea, hutakiwi kuchokonoa.

Sasa nirudi nyuma kidogo, maana bila ya kurudi nyuma hamtaelewa.

Thuwaiba ni Mbajuni wa mji mdogo wa pwani ya Somalia, kusini ya Kismayu. Mji huo una ngome ya zamani, kuta zake nene kama urefu wa mtu aliyelala, nusu iko nchi kavu na nusu inapigwa na mawimbi. Wenyewe wanaiita Gereza, na waliiita hivyo tangu zamani, kabla hajafungiwa mtu. Wakati wa serikali ilikuwa kituo cha polisi, na Thuwaiba, ambaye mumewe alikufa mapema na mtoto hakujaaliwa, alikuwa ameajiriwa humo kufagia, kupika na kuchota maji. Maji ya Gereza hayatoki kisimani. Chini ya ua kuna birika kubwa lililochimbwa na watu wa kale, na mvua ikinyesha juu ya dari inateremka mifereji na kuingia humo. Ufunguo wa mlango wa birika aliuvaa shingoni.

Vita vilipozuka mwaka wa tisini na moja, polisi walivua viatu na sare, wakavaa vikoi na kutoka mmoja mmoja kama watu wanaokwenda sokoni. Asubuhi yake Thuwaiba akaenda kazini. "Ningefanya nini?" aliniambia. "Serikali imeanguka, lakini sakafu haijui kama serikali imeanguka. Vumbi lile lile." Akafagia, akakaa kizingitini. Baada ya Adhuhuri wakaja wanamgambo na gari lenye bunduki mgongoni. Mkubwa wao akamuuliza, "Wewe nani?"

"Mchota maji."

"Haya, chota."

Hivyo ndivyo alivyoingia vitani. Gereza lilibadilisha wenyewe mara nne katika miaka miwili. Kundi likija lilikuta risasi ukutani, masufuria na Thuwaiba. Kila mkubwa alimuuliza swali lile lile na kupewa jibu lile lile. Walimrithi pamoja na mlango.

Kazi za mle ndani, wala msidhani ni mapigano siku zote. Asubuhi walikuwa wakipanda darini kupokezana zamu kwenye mzinga ulioelekea baharini, ngazi thelathini na moja, na anayeshuka anamtukana anayepanda kwa kuchelewa. Kulikuwa na chumba cha redio ya upepo, na kijana mmoja humo alikuwa akiita kutwa, "Kismayu, Kismayu, mnanisikia?" na Kismayu hawamsikii. Boti zikipita zilipigiwa risasi mbili za juu ili zije kutoa ushuru wa mchele na mafuta. Mchana mirungi ikifika hakuna anayepigana na mtu, wote wamekaa kivulini na mashavu yamevimba, wanazungumza habari za mpira. Jioni ndiyo ugomvi unaanza. Thuwaiba alikuwa akipika sufuria mbili, moja ya wenye bunduki na moja ya mahabusi.

Mahabusi ni chumba cha nyuma, upande wa bahari. Waliofungwa humo hawakuwa maadui, walikuwa mafundi. Kila kundi lilihitaji watu wa kutengeneza magari, jenereta na mashine za boti, na fundi akionekana njiani akikamatwa na kuletwa. Akimaliza kutengeneza hakuachiwa, maana kitu kitaharibika tena. Wengi walikuwa watu wa mbali, na majina yao hayakutajwa. Mlango wao ulikuwa na tundu chini, na Thuwaiba alikuwa akipitisha makopo ya maji hapo, mkono unatoka, unachukua, unarudi. Watu hao aliwajua kwa mikono tu.

Na maji alikuwa akiyapima. Alikuwa na kamba yenye mafundo kumi na mbili. Kila asubuhi aliitumbukiza birikani, akahesabu mafundo yaliyorowa. Yakirowa saba au nane, watu wanafua. Yakirowa matano, kufua mwisho. Yakifika manne, maji ni ya kunywa tu, kopo moja kwa mtu asubuhi na moja jioni, awe mkubwa wa kundi, awe mahabusi. Mkubwa wa tatu, mtu mkali aliyempiga risasi hata punda, alikataa siku moja, akataka kuoga. Thuwaiba akampa kamba ajitumbukizie mwenyewe. Akatazama mafundo yale manne, akaondoka na taulo yake begani. Hakuna sheria nyingine iliyofuatwa mle ndani. Ilikuwa ile kamba tu.

Kisha watu wakaanza kufa mahabusini, kwa homa na kwa tumbo. Mwoshaji wa wanaume wa mji alikuwa ameshapanda boti ya Mombasa na jamaa zake. Wanamgambo wanasema wao si waosha maiti. Mahabusi wenzao hawatolewi. Amebaki mwanamke mmoja, asiye na udugu na maiti. Na sheria Thuwaiba aliijua, alifunzwa chuo cha Kurani: mwanamke hamwoshi mwanamume asiye wake. Anajifunga kitambaa mkononi, anapiga vumbi safi, anampaka uso na mikono, basi, kamtayamamisha, na maiti anakwenda hivyo. Isitoshe mafundo yalikuwa manne, maji yenyewe hayapo. Akawatayamamisha kwa vumbi la chokaa la ukuta wa Gereza. Wanane. Vijana wawili wa bunduki, wenye haraka, wakawazika chini ya ukuta mchangani.

Wa tisa nitamfikia.

Kundi la nne lilipoondoka hakuja mwingine. Thuwaiba akafagia, akatundika ufunguo msumarini, akatoka. Akakaa kambini Mombasa miaka mingi, na mwaka wa tisini na tisa akaletwa huku. Maofisa wa uhamiaji walimhoji kutwa nzima kuhusu Gereza. Akawaambia ngazi thelathini na moja, milango mitano, mzinga ulitazama wapi. Wafu hakuulizwa, hakusema. Akapewa karatasi zake, akaja kukaa karibu yangu.

Mwaka wa elfu mbili na nne, miezi ya baridi inaanza, chama kiliweka darasa la kufundisha wanawake kuosha maiti, maana wazee wetu wanakufa huku na vijana hawajui washike wapi. Jumamosi mchana, chumba cha chini cha msikiti. Nikamburura Thuwaiba. "Mimi nikafanye nini?" akauliza. Nikamwambia, "Kuna chai na sambusa." Akaja.

Mwalimu alikuwa Bi Zuleha wa Unguja, mwanamke mpole lakini ulimi wake una wembe. Akatandika meza, akapanga ndoo tatu, karafuu maiti, pamba. "Sasa namtaka wa kujitolea awe maiti. Msiogope, leo mnaamka."

Wakacheka, hakuna aliyetoka. Kisha mmoja akanyanyuka, mwembamba, mrefu, umri wa miaka thelathini na kitu. "Nitalala mimi," akasema. "Wiki nzima nimesimama dukani, hata nikiwa maiti nitapumzika mgongo."

Huyo alikuwa Fartun. Msomali wa Kismayu, lakini alikaa Mombasa miaka minane na Kiswahili chake kikanyooka huko. Alikuwa akiuza vitambaa Stratford Road. Sote tulijua habari yake: mumewe alitoweka vitani mwaka wa tisini na mbili, hajulikani mzima hajulikani mfu. Feisal, Mpemba anayefanya kazi kiwanda cha kuchoma taka kule Tyseley, alikuwa akimposa mwaka wa pili huo. Masheikh walimwambia Fartun wazi kwamba ndoa ya mtu aliyepotea miaka yote hiyo inaweza kuvunjwa kwa karatasi. Akakataa. "Sitaki kuachishwa na karatasi," alisema. "Nataka kujua mimi ni mke au ni mjane. Kama mjane, nikae eda yangu. Kama mke, nimngoje." Alisema hivyo kila alipoulizwa, mpaka watu wakaacha kuuliza.

Basi Fartun akalala mezani, akafunikwa shuka. Bi Zuleha akaeleza, akawaita wawili watatu wajaribu, wanamwaga maji kama wanaosha gari. Akamgeukia Thuwaiba aliyekuwa anatafuna sambusa. "Wewe Bi Thuwaiba, umekuja kula tu? Njoo utie mkono."

Thuwaiba akajifuta vidole, akaenda. Akasukuma ndoo pembeni. Akachukua jagi moja. Wallahi tuliacha hata sambusa. Mikono ilikwenda peke yake: kitambaa kikazungushwa kiganjani, taya likafungwa, tumbo likaminywa taratibu, upande wa kulia, upande wa kushoto, na maji hayakwenda ila pale alipoyapeleka. Maiti ikamalizika na jagi halijafika nusu.

"Ya Rabi," Bi Zuleha akasema. "Umejifunza wapi wewe?"

"Gereza."

"Umefungwa jela?" mmoja akaropoka.

"Si jela. Gereza ni ngome ya kwetu. Wakati wa vita nilikuwa nachota maji."

Maiti ikakaa kitako. Watu wakapiga kelele, kikombe kikavunjika. Fartun kakaa na shuka kichwani, pamba zinaning'inia masikioni, kamshika Thuwaiba kifundo cha mkono.

"Gereza la wapi?"

Thuwaiba akautaja mji.

"Mume wangu walimchukua huko," Fartun akasema. "Alikuwa fundi wa mashine za boti. Ameir."

Wakaenda kukaa kwenye ngazi penye viatu, na mimi nyuma yao, sikujificha. Fartun akatoa picha mkobani: bwana harusi wa mashavu mazito, kofia ya lasi, anacheka. Thuwaiba akaitazama sana.

"Huyu simjui, mwanangu. Wa kule wote walikuwa mifupa. Nyuso zao zilikuwa moja."

"Mikono yake ilikuwa ya fundi, grisi haitoki kuchani."

"Wote mafundi."

Fartun akainama. Kisha akasema kwa sauti ya chini, maana ni jambo la aibu, "Alikuwa na alama moja. Lakini wewe hukuweza kuiona. Iko pahala pa mke."

Hapo Thuwaiba alijua. Kaniambia mwenyewe: alijua pale pale, kama mtu anavyojua kwamba jiko kaliacha linawaka. Na ulimi wake ukasema hivi:

"Kama ni pahala pa mke, mimi nitaionaje?"

Hakusema uongo. Aliuliza swali. Fartun akalichukua swali lile akalifanya jibu, akafuta macho, akasema, "Basi labda hakufa." Uso ukamng'aa kidogo. Thuwaiba akavaa viatu vyake, tukapanda basi.  Kufika mlangoni akanambia, "Zile sambusa zilikuwa na chumvi nyingi."

Wiki tatu zikapita. Akaenda kazini, akarudi. Nilimwona kupitia ua wa nyuma akitia maji kwenye ndoo iliyokwisha kujaa, yanamwagika chini, na yeye kasimama tu, ndala zinarowa. Nikamwita, hakusikia.

Wiki ya tatu nikatoka dukani na habari. Nikamwambia, "Umesikia? Fartun kakata tikiti ya Yemeni. Kuna mtu kamwambia kwamba Mukalla yuko fundi wa boti anaitwa Ameir. Anaondoka keshokutwa. Feisal kaambiwa asingoje tena." Thuwaiba alikuwa anakatakata vitunguu. Akavikata vyote, akafunika kibao kwa sahani, akavaa koti.

"Unakwenda wapi?"

"Sparkhill. Twende, sitaki kwenda peke yangu."

Tulimkuta Fartun sebuleni, begi liko wazi sakafuni. Alikuwa kamnunulia mumewe mashati matatu, mapya, makubwa, ya kumtosha yule mnene wa kwenye picha. Alikuwa analikunja la tatu.

"Karibuni, mama zangu. Mmekuja kuniaga?"

Thuwaiba hakukaa. "Paja la kushoto," akasema. "Upande wa nyuma. Kubwa kama kiganja, ngozi imekunjana kama utando wa maziwa."

Fartun akabaki na shati mkononi.  Basi lilipita nje, na vioo vikatetemeka, vikatulia.

"Aliungua kwa ekzosi ya boti," akasema mwishowe. "Mwezi wa pili wa ndoa yetu. Nilimpaka asali siku kumi." Kisha, "Wewe umeionaje?"

"Nilimwosha."

"Wewe ni nani wake?"

"Si mtu wake."

"Keti," Fartun akasema. Thuwaiba akaketi. Na hapo akaisimulia habari ya wa tisa, kwa sauti ile ile anayosemea bei ya bamia.

Alikufa kwa tumbo, siku nne. Hakupigwa, hakuna aliyemgusa. Jioni ya mwisho kamba ilikuwa imerowa mafundo matatu. Thuwaiba akapitisha makopo tunduni, moja moja, na mkono mmoja ukalirudisha kopo tupu ukabaki hapo hapo, umefunguka. Sauti ndani ikasema, "Mama, jingine."

"Ulimpa?" Fartun akauliza.

"Sikumpa. Mafundo yalikuwa matatu. Mle ndani walikuwa kumi na mmoja, na nje thelathini, na mvua haijulikani itakuja lini. Nikamwambia, kesho. Mkono ukakaa kidogo, ukarudi."

Fartun akalishika shati kwa mikono miwili.

"Alfajiri mvua ikanyesha. Haijapata kunyesha vile. Mifereji yote ilikuwa inanguruma, birika likajaa mpaka likatapika uani. Asubuhi wakamtoa, keshakufa. Wakanipa nimtayamamishe kama wenzake. Mimi nimesimama na vumbi la chokaa mkononi, na maji yananipita miguuni." Thuwaiba akatazama viganja vyake. "Nikafunga mlango. Kwa lile tumbo hakuwa msafi, ilibidi nimvue. Nikamfunika kwa kanga yangu, nikamwosha kama anavyooshwa mtu mwenye watu wake. Mara tatu. Sijui nilitumia ndoo ngapi. Sikuhesabu. Siku ile peke yake sikuhesabu."

"Maji yalikuwa ya moto au ya baridi?"

"Ya baridi. Ya mvua."

"Karafuu maiti?"

"Haikuwepo."

"Na kamzika nani?"

"Wale vijana wawili. Nikawaambia wachimbe zaidi, wakachimba. Nikasimama mpaka mwisho." Kisha akasema, "Nilimwona mume wa mtu. Ndiyo maana sikusema. Na lile kopo."

Mimi nilidhani Fartun atampiga. Angempiga nisingemzuia, nasema kweli. Akalikunja shati lile, akaliweka juu ya mengine mawili, akafunga zipu ya begi kama kwamba bado anasafiri.

"Kumwosha nimekusamehe," akasema. "Kwa Mungu nimekusamehe, na kama kuna dhambi naibeba pamoja nawe. Kopo si langu. Hilo utaulizana naye mwenyewe siku mkionana. Lakini wiki tatu hizi, Bi Thuwaiba. Wiki tatu mimi nanunua mashati, na wewe unajua. Hizo sikusamehe."

"Haya," Thuwaiba akasema.

Fartun akaenda kumuuliza sheikh kuhusu eda. Sheikh akafungua kitabu, akamwambia kwa upole kwamba hana eda: eda ya mfiwa huanza siku aliyokufa mume, ajue asijue, kwa hiyo yake ilikwisha zamani, miaka kumi na zaidi. Yuko huru hata leo.

"Ilikwisha bila ya mimi kuwepo?" Fartun akamuuliza.

"Sheria ndivyo, binti yangu."

"Sawa, sheikh. Basi hii si eda. Mimi nakaa nyumbani kwangu tu."

Akakaa. Miezi minne na siku kumi, hana wanja, hana manukato, hana rangi, mlango wake umefungwa kwa wanaume, dukani kamweka mwenzake. Hitma ilisomwa siku ya kwanza, na jina la Ameir likatajwa likitanguliwa na neno "marehemu" kwa mara ya kwanza. Watu wengine walicheka chini kwa chini, eti anaomboleza kwa kalenda mbovu. Mimi niliwajibu, na majibu yangu hayaandikiki. Kuhusu Feisal, yake si ya humu.

Kila Ijumaa Thuwaiba alikwenda kule. Hakualikwa wala hakufukuzwa. Wanakaa sebuleni, begi bado liko pembeni na zipu yake. Hawazungumzi sana, wanatazama basi zikipita. Fartun humtilia maji gilasi moja. Thuwaiba akimaliza, Fartun humtilia ya pili, humtazama mpaka aimalize.  Thuwaiba hana kiu, lakini huinywa yote.

Siku ile kukaa kwa Fartun kulipokwisha, tunarudi kwa miguu, Thuwaiba akanambia, "Wewe si unasumbuliwa na daftari? Andika wale wanane." Ndiyo sababu nimeandika. Msidhani nimebembelezwa nikakubali.

Sasa nakusemesha wewe uliyesoma mpaka hapa. Thuwaiba hajui nyuso zao, anajua mikono, na amenitajia yote. Mmoja kidole cha shahada cha kulia hakina ncha. Mmoja alikuwa na pete ya fedha iliyobana, haitoki, ikazikwa naye. Mmoja kiganjani alikuwa na kovu refu kama la kamba iliyokimbia. Mmoja alikuwa na mkono mdogo mno, kijana, na kucha alizitafuna mpaka nyama. Mmoja alikuwa na hina iliyofifia, labda katoka harusini. Mmoja kaungua kwa asidi ya betri mikono yote miwili. Mmoja kidole gumba kimepinda nyuma. Wa nane mikono yake haikuwa na alama yoyote, na huyo ndiye Thuwaiba anamwogopa kuliko wote, maana atajulikanaje?

Nenda kawaulize nyumbani kwako. Muulize mama yako, piga simu Mombasa, piga Mogadishu, piga popote palipo na watu wako. Huenda kuna mwanamke mahali fulani anakunja mashati. Ukipata, njoo Bordesley Green, mlango wa kijani, wa Thuwaiba ndio unaofuata. Usije kunambia kwamba umesikitika, kusikitika sikukuomba. Niletee jina.